Hatunaye: utani na habari katika kijiwe chetu cha kahawa, Magomeni

Mleta uzi

Ndugu zangu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na kwa kuwa wengi wetu humu ni watu wa vijiwe, nimeona nilieleze kwa kirefu ili tulijadili kwa utulivu. Linahusu utani na habari, vitu viwili tunavyovifuata kijiweni kila jioni, na kile kinachotokea mtu anapovaa kimoja akijifanya ni kingine.

Kijiwe chetu kipo Magomeni, chini ya mwarobaini. Mzee wetu wa kahawa hufika baada ya Alasiri akiwa na dele lake lenye jiko dogo la mkaa chini yake, na kabla hujamwona utakuwa umeshamsikia, maana hugonga vikombe viwili kwa vidole vya mkono mmoja kwa mdundo ambao hata watoto wa mtaa wanaufahamu. Akiketi, husuuza kikombe ndooni, humimina kahawa kidogo, hukizungusha, huimwaga mchangani, ndipo hujaza. Kahawa yake ni chungu na ina tangawizi kali, kwa hiyo asiyekuwa na kashata mkononi hunywa huku amekunja uso. Wacheza drafti hukaa upande wa ukuta na vizibo vyao vya soda, na wenye magazeti hukaa upande wa pili, ambako gazeti moja husomwa na watu kumi. Mwenye kulinunua ndiye mwenye haki ya kusoma kichwa cha habari kwa sauti, na wengine wote hupewa haki ya kumbishia.

Utani wetu mkubwa, kama mnavyojua, ni wa Simba na Yanga. Mimi ni wa Simba, na jirani yangu wa benchi, fundi cherehani, ni wa Yanga tangu utotoni. Tarehe 5 Novemba 2023, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, tulikwenda mapumziko tukiwa moja kwa moja, na hadi mwisho wa mchezo tulikuwa tumefungwa tano kwa moja. Siku ya pili yake nilipofika kijiweni nilikuta vikombe vitano vimepangwa mahali pangu kwa mstari ulionyooka, vyote vimejazwa, na cha sita kimewekwa mbali, peke yake, kikiwa kimefunikwa na kisahani. Fundi alisimama akanikaribisha kwa heshima zote, kama anavyokaribishwa bwana harusi, akaniomba nivinywe vitano kwanza kabla sijafunua kile cha faraja. Nilivinywa. Nikalipia vyote, na vya watu wote waliokuwepo, kwa kuwa ndiyo sheria yetu: aliyefungwa ndiye anayelipa.

Hata hivyo sikuondoka bila kusema neno. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1977 tuliwafunga sita kwa bila, Abdallah Kibadeni akiweka mabao matatu peke yake, na kwamba tangu siku hiyo wanaitafuta hiyo sita na hawajaipata. Akanirudisha mwaka 1968, walipotufunga tano bila. Nikampeleka 2012, tulipowarudishia tano bila zile zile. Akanyamaza kidogo, nami nikamwongezea Oktoba 2013, walipokwenda mapumziko wakiongoza tatu bila na mchezo ukaisha tatu kwa tatu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda mpaka adhana ya Magharibi, na mtu asiyetufahamu angedhani kuna ugomvi. Ugomvi haukuwepo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitoa wakaanzisha klabu nyingine, ambayo mwaka 1971 ndiyo ilichukua jina la Simba. Sisi ni watoto wa nyumba moja waliogawana vyumba, na kutoka Msimbazi, makao yetu, hadi Jangwani, makao yao, ni mwendo wa miguu.

Huyo fundi aliyenipangia vikombe ndiye aliyemshonea binti yangu sare ya shule bila malipo nilipokuwa sina kazi. Nalisema hili mapema ili isije ikadhaniwa kwamba naleta uzi wa kuupinga utani. Naupenda, na nadhani Dar es Salaam bila utani isingekalika.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Mapema mwaka 2024, siku ya Jumanne, mzee wetu hakuonekana, na Jumatano ikawa hivyo hivyo. Kijana mmoja wa kijiwe, dereva wa bajaji, mcheshi kuliko sisi sote, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa nawajulisha kwamba mzee wetu wa kahawa hatunaye." Akanyamaza kwa dakika kama tano hivi, kisha akaandika tena: "Hatunaye leo. Amekwenda shamba Kisarawe, kila mtu akanywe chai kwake."

Sote tunajua neno hilo lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Unaweza kusema hatunaye kwa mtu aliyetoka kwenda sokoni, na unaweza kusema hatunaye kwa mtu aliyekwenda asikorudi. Kijana alichezea milango hiyo miwili, na kama lugha tu, alicheza vizuri. Lakini katika zile dakika tano ujumbe wa kwanza ulikwishatoka nje ya kundi. Ule wa pili ulibaki ndani.

Binti wa mzee anaishi Mbagala. Aliupata kwa jirani, na jirani aliupata kwa shemeji yake, na shemeji sijui aliupata kwa nani kati yetu. Alipompigia baba yake, simu haikupatikana, kwa kuwa kule shamba ilikuwa imekwisha chaji. Alipanda daladala akilia, mtoto mgongoni. Alipofika Magomeni alikuta majirani wameshatandika mikeka, viti vimetolewa nje, kijana ametumwa turubai, na daftari la michango limefunguliwa. Jina langu lilikuwa la nne katika daftari hilo, shilingi elfu kumi.

Saa tatu usiku mzee aliteremka mwisho wa mtaa akiwa amebeba mihogo kwenye kiroba. Aliona taa, aliona watu wamejaa uani kwake, akasikia kilio cha wanawake. Yeye hakuwa na habari kwamba msiba ni wake. Alichowaza ni kwamba mkewe amefariki akiwa hayupo. Miguu ilimwisha nguvu, akakaa chini pale pale barabarani, kiroba kikimwagika, na aliyemfikia kwanza alimkuta akiita jina la mkewe kwa sauti ndogo sana.

Nilikuwepo, na sijaisahau sauti ile. Nawaomba mnisaidie kufikiri: mpaka wa utani uko wapi, na anayeuvuka afanywe nini?

Mchangiaji kutoka Temeke

Kaka yangu, pole, na mfikishie mzee salamu zetu. Mimi ni mama wa samaki, nafanya kazi Feri, na nina la kusema, maana nyinyi wanaume mkisimulia mambo ya vijiwe mnahesabu aliyefungwa na aliyelipa kahawa, na yule aliyelia njia nzima kutoka Mbagala na mtoto mgongoni mnampa mstari mmoja.

Sisi kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, tunataniana kuliko mnavyofikiri. Mwenye kuchelewa kuleta hisa huimbiwa, mwenye mume mpya huulizwa maswali ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini habari ya mgonjwa, ya mtoto na ya fedha haipokelewi mpaka mleta habari aseme mambo mawili: ameona au ameambiwa, na kama ameambiwa, na nani. Mwenzetu mmoja alipokosea aliambiwa arudi kwa miguu hadi kwa mgonjwa, akamwone, ndipo aje aketi.

Nitatoa mfano mmoja. Kile kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, pale Feri kila mtu alikuwa na habari yake. Huyu alisema maji yatafika Posta, yule alisema Kigamboni itafunikwa, mwingine alikuwa na picha ya mawimbi ambayo wala haikuwa ya bahari yetu. Kwetu kikundini dada mmoja alijipa kazi ya kusoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa peke yake, akitaja kila mara tarehe na saa ya taarifa, ili mtu asije akaisambaza ya jana kama ya leo. Tulijua kwamba boti za Zanzibar zimesimama, tukajua kwamba wavuvi wasitoke, nami sikwenda kununua mzigo. Siku ya Jumamosi tarehe 4 kimbunga kiliingia Mafia, kisha tukasomewa kwamba kimepungua nguvu. Nilipoteza mauzo ya siku mbili, na sikulala hata usiku mmoja kwa hofu ya uongo. Utani juu ya kimbunga ulianza Jumapili, baada ya kupita, na tulicheka sana.

Ninachouliza ni hiki: yule kijana alimwomba radhi nani? Kijiwe, au binti?

Mleta uzi

Dada yangu, umenigusa mahali pake, na nakubali kosa. Nitalijibu swali lako, ila naomba kwanza nimsikilize mwenzetu wa Ubungo ambaye ameomba nafasi, kwa sababu yeye ni mtani wetu kwa kabila.

Mchangiaji kutoka Ubungo

Nashukuru, mtani. Mimi ni Mnyamwezi, na mleta uzi ameniambia kwamba yeye ni Mzaramo, kwa hiyo hata akinikuta nimekalia kiti chake hana pa kunishitaki. Utani wetu ni wa njia. Babu zetu walishuka kutoka Unyanyembe na mizigo ya pembe hadi Bagamoyo, wakapita katika nchi za watu wa pwani, na pale palipokuwa na kukutana kila mwaka, kununuliana chakula, kugombana na kupatana, ndipo utani ulipozaliwa. Wahehe na Wangoni wao walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Ndiyo maana husema kwamba utani ni mkataba: mimi nimepewa ruhusa ya kukutukana, na kwa ruhusa hiyo nimebebeshwa kazi.

Kazi yenyewe huonekana msibani. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mzee mmoja wa Kizaramo, Kisarawe huko huko. Mtani aliyefika asubuhi na mapema alikuwa mama wa Kinyamwezi, jirani wa marehemu wa miaka mingi. Alichota maji, akakoka moto, akapika uji wa waliokesha. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya marehemu, ameshika bakora yake, akapita mbele ya wafiwa akitembea kama alivyokuwa akitembea, bega moja chini, akisimama kila hatua tatu kukohoa kile kikohozi chake na kuuliza nani ameficha tumbaku yake. Mjane, ambaye alikuwa hajasema neno tangu usiku, alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga, na baada ya kucheka ndipo alipoweza kulia. Jeneza lilipotoka, watani walilala njiani wakadai walipwe kwanza, wakapewa sarafu chache, wakainuka, na wao ndio waliolibeba.

Sasa angalieni tofauti. Mtani huutania msiba uliokwisha kuwepo, mbele ya watu wanaojua kwamba upo, na huutania akiwa na ndoo ya maji mkononi. Yule kijana wa bajaji alizua msiba usiokuwepo, akawapelekea wasiojua, naye akiwa amekaa kwenye bajaji yake anasubiri kicheko. Kwa kipimo chetu sisi, huo haukuwa utani uliovuka mpaka. Haukuwa utani kabisa.

Mchangiaji kutoka Tabata

Nakubaliana na mtani, ila niongeze kwa ufupi upande wa sheria. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kwa kutumia kompyuta, na simu zetu zimo ndani ya maana hiyo. Vijana wengi hudhani kwamba kundi la marafiki ni sebuleni kwao. Mtu atabaki kuwajibika kwa alichokiandika hata kama alikiandika akicheka.

Mleta uzi

Ahsanteni sana. Ndugu wa Tabata, sheria ipo na ni vyema vijana waijue, lakini kijiweni hakuna aliyetaka kwenda kituoni, na mzee mwenyewe alikataa hata kusikia neno hilo. Tulimaliza wenyewe, na hapa ndipo nimjibu dada wa Temeke.

Jioni ya Alhamisi tuliketi. Kijana alianza kwa kuliomba radhi kundi, na ni fundi cherehani aliyemsimamisha akamwambia, "Sisi hatukulia, mdogo wangu, waliolia hawapo hapa." Aliamriwa aende Mbagala. Alikwenda Ijumaa baada ya sala, akiwa na mimi na fundi, na kanga moja tuliyonunua kwa mchango. Dada yangu, binti wa mzee hakutupokea kwa tabasamu. Alitukaribisha ndani, akatupa maji ya kunywa, akamwacha kijana aseme yote, kisha akamweleza kwa utaratibu safari ile ilivyokuwa: kwamba ndani ya daladala alikuwa akihesabu mara ya mwisho alipozungumza na baba yake ilikuwa lini, na akagundua kwamba walikatiana simu kwa hasira kuhusu jambo dogo la fedha. Kijana alilia. Kanga aliipokea, na msamaha aliutoa, ila alisema kwamba ujumbe wowote wenye jina la baba yake ukimfikia tena hataufungua kabla hajapiga simu. Sikuona cha kumjibu.

Ile fedha ya daftari ilirudishwa kwa kila aliyechangia, isipokuwa sisi wa kijiwe, ambao tuliiacha ili mzee anunuliwe betri mpya ya simu na vikombe.

Tangu siku hiyo tulijiwekea utaratibu unaokaribia sana ule wa kikoba cha dada yetu, na nimefurahi kujua kwamba hatuko peke yetu. Kifo, ugonjwa, ajali na mtoto aliyepotea havitaniwi kwenye kundi, na anayeleta habari ya namna hiyo hutaja alikoipata. Wazee kijiweni walileta ule usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi niliupinga, na ninaupinga hapa pia, kwa sababu umekuwa ruhusa ya kusema lolote. Msiba wa mzee ulisemwa, na haukuwepo. Nashikilia kwamba kusikia si kuona.

Utaratibu huo ulijaribiwa Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo. Mnakumbuka asubuhi ile. Mmoja wetu ana duka la vitambaa mitaa ya karibu, na simu zilianza kuingia kwa fujo, kila moja na idadi yake ya waliokufa na jina lake la jengo. Kundini petu paliandikwa mambo machache mno. Wa kwanza kuandika alikuwa fundi, ambaye alikuwa amekwenda kununua uzi na vifungo: "Niko mita kama mia kutoka pale. Vumbi ni jingi, watu wanachimba kwa mikono, sijui idadi. Duka la mwenzetu limesimama, nimemwona yeye mwenyewe kwa macho, amekaa nje, mzima." Mke wa mwenzetu huyo alisomewa maneno hayo kabla hajapata uvumi wowote. Kazi ya uokoaji iliendelea kwa siku kadhaa, na wapo waliopoteza ndugu zao pale, Mungu awarehemu. Katika siku zote hizo hakuna aliyetaja Simba wala Yanga, na hakuna aliyekatazwa kutaja.

Utani ulirudi wenyewe baadaye, na aliyeurudisha simuungi mkono kwa kila jambo, maana ni wa Yanga.

Kuhusu mzee, anaendelea vizuri, vikombe vipya vina mlio mwembamba kuliko vya zamani na bado anavilalamikia. Kijana wa bajaji hufika kila siku kabla yake, hupanga mabenchi na kuchota maji ya ndoo, ingawa hakuna aliyemwamuru. Juzi alichelewa kwa sababu ya foleni ya Jangwani. Mzee alimimina kahawa ya kila mtu, akaliangalia benchi lililokuwa wazi, akaangalia njia, kisha akatuambia kwa uso mkavu kabisa kwamba, ndugu zangu, kijana wetu hatunaye. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka mzee mwenyewe alipoanza, na kijana alipotokea pale kona na bajaji yake alitukuta sote tunafuta machozi, akashuka mbio akiuliza kuna nini.